Kijana husifiwa alichokifanya, binti husifiwa alivyo: wazazi wa Lamu, tulitazameni jambo hili

Mwalimu wa Gredi 4 (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kisiwani Amu, yaani Lamu, na pia ni mama wa watoto wa kike na wa kiume. Leo nataka tuzungumzie sifa. Sina haja na kama watoto wetu wanasifiwa sana au kidogo. Nataka tuangalie tunawasifia nini.

Sikilizeni tunavyosema mabarazani na majikoni. Kijana akishika usukani wa mashua kutoka Shela mpaka gatini Amu, upepo ukiwa wa mbele, mzee atamwambia: "Leo umejua kubisha, tanga hukuliacha lipige." (Kubisha ni kuukata upepo wa mbele kwa kwenda upande upande.) Kijana huyo ameambiwa kitu hasa alichokifanya, na kesho ataweza kukifanya tena. Dada yake naye akimaliza mkeka aliousuka kwa wiki nzima, atasikia: "Maashallah, mwana mtulivu, ana adabu zake, atakayemuoa ana bahati." Mkeka wenyewe hautajwi. Na mkeka ule una hesabu ndani yake: chane zikipishana vibaya mara moja tu, ua halikai na ukili, ule utepe unaosukwa, unakwenda upande. Binti amehesabu, amekosea, amefumua, amerudia. Hakuna aliyemwambia kwamba ameonekana akifanya hayo yote.

Sifa zote mbili zimetoka kwenye mapenzi, wala simlaumu mzee yeyote. Lakini kijana ameondoka akijua nini kimefaa katika kazi yake, na binti ameondoka akijua watu wanamwonaje. Rudia hivyo mara elfu tangu utotoni, halafu utashangaa kwa nini binti wa miaka kumi anafuta jibu lake kabla sijalisoma, ilhali kijana aliyekosa vilevile anainua mkono na kusema, "Mwalimu, nijaribu tena."

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Elizabeth Gunderson na wenzake, Marekani, waliwarekodi wazazi na watoto wadogo 53 majumbani mwao, jijini Chicago, watoto wakiwa na umri wa miezi 14, kisha 26, kisha 38. Wazazi hawakuwa wameambiwa kwamba sifa ndizo zinazotafutwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wavulana na wasichana walisifiwa kwa wingi unaokaribiana, lakini ukizichambua sifa zenyewe, kwa wavulana karibu asilimia 24 zilikuwa za juhudi na namna ya kufanya, kama "umejitahidi" au "umeipanga vizuri". Kwa wasichana zilikuwa kama asilimia 10 tu. Walipowarudia watoto hao miaka mitano baadaye, waliosikia zaidi sifa za juhudi ndio waliopenda zaidi kazi ngumu, na ndio walioamini zaidi kwamba akili na tabia ya mtu huweza kukua.

Wale walianza kurekodiwa wakiwa na miezi 14 tu, ndugu zangu, umri ambao mtoto hata kutembea ndiyo kwanza anajifunza.

Kwa hiyo binti anapofika darasani kwangu na kusema hesabu si zake, mimi siamini kwamba amezaliwa hivyo. Naamini amefundishwa nini cha kupenda na nini cha kuogopa, na sisi tuliomfundisha hatukujua kwamba tunafundisha. Karibuni tujadili kwa upole.

Shela Juu

Bi Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa uzi. Ila nina shaka. Chicago si Lamu. Huko mama humwambia mtoto "umefanya vizuri" kila anapoinua kijiko. Sisi bibi zetu hawakuwa na sifa nyingi za mdomo, na bado walitulea tukawa watu. Pili, utafiti huo unaonyesha mambo mawili yakienda pamoja. Huenda mzazi anayesifia juhudi ndiye pia anayekaa na mtoto kumsomea. Sasa tutajuaje ni ile sifa iliyofanya kazi?

Mwalimu wa Gredi 4

Marahaba kaka. Hoja yako ya pili ni ya haki kabisa. Utafiti ule peke yake hauthibitishi kwamba sifa ndiyo sababu. Ndiyo maana napenda kuusoma pamoja na mwingine wa mwaka 1998, wa Claudia Mueller na Carol Dweck. Hao hawakuangalia tu, walijaribu. Watoto wa kama miaka kumi walipewa mafumbo, wakasifiwa, kisha wakapewa mafumbo magumu mno ili washindwe, kisha wakarudishiwa mepesi kama yale ya kwanza. Kilichotofautiana ni sentensi moja tu. Baadhi waliambiwa, "Una akili sana," na wengine, "Umefanya bidii sana." Walioambiwa wana akili walifanya vibaya kwenye mafumbo ya mwisho kuliko walivyoanza. Walioambiwa wamefanya bidii walipanda. Na walipotakiwa kuandika alama zao kwa mtoto wa shule nyingine, karibu 4 kati ya 10 wa kundi la akili walizidisha alama. Watoto wa kawaida, wasio waongo, walisema uongo kwa sababu walikwishapewa jina zuri na wakaogopa kunyang'anywa.

Sasa msomaji asije akadhani nasema wasichana waambiwe "una akili" kama wavulana. Hapana. Jina zuri ni mzigo kwa yeyote, liwe "mwerevu" au "mtulivu".

Na kuhusu Lamu, kaka, nakubali hatuna maneno mengi. Lakini panapokuwa na maneno machache kila moja lina uzito zaidi. Mtoto aliyesifiwa mara moja kwa mwezi huikumbuka sifa hiyo mpaka uzeeni.

Fundi Matondoni

Nami nichangie. Mimi huunda mashua, kama baba yangu na ammi zangu. Kwa mafundi wetu sifa haitoki mdomoni. Mwanafunzi huanza kwa kuokota vipande na kushika ubao. Siku fundi akiona mkono wake umetulia, humkabidhi tezo, chombo cha kuchongea mbao, hasemi neno. Siku nyingine humwachia kutia kalafati, yaani kuziba nafasi za mbao, mwenyewe, akaondoka akaenda kunywa kahawa. Kijana akibaki peke yake na chombo cha watu anajua kwamba ameaminiwa. Mimi nilisifiwa hivyo, na hakuna sifa iliyonikaa kama ile.

Nimesoma maneno ya Mwalimu nikajiuliza: binti yangu nimemkabidhi nini? Anapika, anafua, anamlea mdogo wake, lakini hayo hatukumkabidhi kwa kuwa ameyaweza. Tulimpa kwa kuwa ni binti. Kijana akipewa kazi ngumu ni daraja amepanda. Binti akipewa kazi ngumu ni wajibu wake, na akiifanya vizuri hakuna anayegeuka kutazama. Kwa maoni yangu tofauti kubwa iko hapo, hata kuliko maneno.

Mwalimu wa Gredi 4

Fundi, Mungu akuzidishie. Umesema jambo nililokuwa nalitafuta. Kuna utafiti wa mwaka 2000 unaokwenda sambamba na hilo. Mama wa watoto wa miezi 11 waliulizwa mtoto wao ataweza kutambaa kwenye mteremko mkali kiasi gani, kisha watoto wakaachwa watambae. Wasichana na wavulana walifanya sawasawa. Lakini mama wa wavulana walikadiria juu ya uwezo wa mtoto, na mama wa wasichana walikadiria chini. Mama yule yule anayempenda binti yake kuliko roho yake alimwona dhaifu kuliko alivyo, kabla mtoto hajasimama.

Mtoto anayekadiriwa chini hakabidhiwi. Asiyekabidhiwa hajaribu, na asiyejaribu hana la kusifiwa ila sura na utulivu.

Binti Faza

Assalaam aleikum. Mimi ni wa Faza, sasa nafanya kazi Malindi, nafunga mitambo ya umeme wa jua majumbani na kwenye visima. Nasoma uzi huu machozi yananilenga.

Nilipokuwa shule nilikuwa na mwandiko mzuri. Kila mwalimu aliusifia. Daftari langu lilipitishwa darasani watu walione. Basi nikawa mtu wa daftari safi. Nilikuwa siandiki jibu mpaka niwe na hakika, maana kufuta kulichafua ukurasa. Wavulana waliokaa nyuma walikuwa wanachafua madaftari kwa majaribio, wanapigiwa kelele kwa uchafu, na wanajua hesabu kunishinda mimi. Hakuna aliyenizuia kusoma hesabu. Nilikuwa nalinda kile nilichosifiwa.

Aliyenibadilisha ni mjomba aliyekuwa na duka la redio. Nilimsaidia likizo moja. Nilipounganisha waya vibaya alisema, "Sasa umejua njia moja isiyofaa, nionyeshe ya pili." Nikajaribu ya pili na ya tatu. Mwisho redio ilipozungumza hakuniambia mimi ni hodari. Alisema, "Umeifuata waya kwa waya mpaka ukaipata." Nimebeba maneno hayo mpaka leo, na kila nikipanda juu ya bati la mtu na zana zangu nayasikia.

Mama Pacha

Dada wa Faza, umenigusa. Mimi nina pacha, wa kike na wa kiume, wana miaka mitano. Swali langu ni hili: sisi huku tunaogopa kijicho. Mtoto akisifiwa hadharani bila maashallah moyo unashtuka. Mama mkwe wangu hataki kabisa mtoto asifiwe mbele ya wageni. Sasa nifanyeje?

Na jambo jingine. Wageni wakija, wa kike huambiwa nywele zake nzuri, macho yake mazuri, na kama amevaa dera jipya ndiyo kabisa. Wa kiume huulizwa: "Unapenda kucheza nini? Mpira wawezaje?" Nimeliona hilo sasa tu baada ya kusoma hapa.

Mwalimu wa Gredi 4

Dadangu Mama Pacha, mama mkwe wako ana hekima yake, wala usigombane naye. Sema maashallah, kisha itaje kazi. Kusema "maashallah, mnara huu umeupanga vikubwa chini vidogo juu ndiyo maana haukuanguka" hakumtangazi mtoto kwa watu. Kunamwonyesha mtoto alichokigundua. Ukiweza, mwambie mkiwa wawili tu.

Na umri wa pacha wako ndio wa kuangalia kwa makini. Mwaka 2017, Lin Bian na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 5, 6 na 7. Watoto walisimuliwa juu ya mtu mwenye akili nyingi sana, asitajwe kama ni mume au mke, kisha wakachagua kwenye picha ni nani. Watoto wa miaka 5, wa kike na wa kiume, kila mmoja alielekea kuchagua mtu wa jinsia yake. Kuanzia miaka 6 wasichana walipungua kuwachagua wanawake. Halafu wakaonyeshwa michezo miwili, mmoja wakaambiwa ni wa watoto wenye akili nyingi sana, mwingine ni wa watoto wanaojitahidi sana. Wasichana wa miaka 6 na 7 waliukwepa ule wa akili kuliko wavulana. Ule wa kujitahidi waliupenda sawasawa na wavulana.

Bi, hapo ndipo penye matumaini yangu yote. Mlango wa bidii bado uko wazi kwa binti, hata ule mwingine ukiwa umeanza kufungwa.

Maalim wa Langoni

Bismillah. Mimi nasomesha madrasa, nami nimekuwa nikisoma kimya. Nina mawili.

La kwanza, katika Maulidi vijana wetu husimama safu na matari, mji mzima unawaona, wazee wanawatunza. Mabinti wanaohifadhi vizuri kama wao, na wengine zaidi, husikilizwa na mama zao na walimu. Sisemi mila ibadilishwe. Nasema tu kwamba kijana anapata sifa ya mji na binti anapata sifa ya nyumba, nasi walimu tuna jukumu la kuijaza ile pengo kwa njia inayokubalika.

La pili ni swali kwa Bi Mwalimu. Mimi huwakaripia vijana zaidi sana. Wanapiga kelele, wanachelewa, juzuu zao zimechanika. Mabinti siwakaripii ila wakikosea kusoma. Nilidhani nawatendea mabinti wema.

Mwalimu wa Gredi 4

Maalim, shikamoo, na ahsante sana kwa swali hilo. Carol Dweck na wenzake waliliangalia darasani mwaka 1978. Waliwasikiliza walimu wanavyosahihisha. Wavulana waligombezwa zaidi, ila sehemu kubwa ilikuwa ni utovu wa nidhamu, uchafu wa kazi, kutokuwa makini. Wasichana waligombezwa kidogo, lakini wakigombezwa ilikuwa karibu kila mara ni juu ya jibu lenyewe. Katika sifa mambo yaligeuka: wavulana walisifiwa karibu kwa ubora wa jibu tu, wasichana walichanganyiwa na sifa za unadhifu.

Tazama mtoto anavyotafsiri. Kijana akiambiwa amekosa, moyo wake unasema: mwalimu huyu hunikaripia kwa kila kitu, au leo sikujitahidi. Binti akiambiwa amekosa hana pa kulipeleka kosa hilo. Kwa mwenendo hajawahi kukaripiwa, na bidii amefanya. Kinachobaki ni kusema kichwa changu hakiwezi. Upole wetu kwa mabinti umewaacha bila sababu nyingine ya kushindwa.

Si lazima uwakaripie zaidi, Maalim. Akikosea herufi, mwambie ulimi umewekwa wapi na uwekwe wapi, kisha arudie mpaka itoke, kisha umwambie kwamba imetoka kwa kurudia.

Baba wa Mkomani

Ndugu zangu, mnawazungumzia mabinti na ni sawa, lakini nani atawazungumzia vijana? Mimi nina watatu. Kijana akiwa na miaka 13 akaleta nyumbani samaki, au noti aliyoipata kwa kubeba mizigo gatini, nyumba nzima inamsimamia: "Sasa umekuwa mwanamume!" Akileta kitabu amekimaliza hakuna anayeinua kichwa. Akimbembeleza mdogo wake anayelia anaambiwa aache mambo ya kike. Baada ya miaka miwili ameacha shule, anashinda ufukweni akingoja watalii au juu ya bodaboda, nasi tunamlaumu kwa kupenda pesa. Alijifunza kwa nani kwamba thamani yake iko mfukoni?

Mmoja wangu anapenda kushona. Tena hapa mafundi cherehani wengi ni wanaume, watu wanawaheshimu, na bado nimemsikia shangazi yake akimwambia aache sindano akacheze mpira.

Mwalimu wa Gredi 4

Kaka, nakushukuru kwa dhati, maana ningelisahau hilo ningekuwa nimefanya nusu ya kazi. Kijana naye anafundishwa asione kilichomo moyoni mwake. Kuna jaribio la mwaka 1976, la John na Sandra Condry. Watu wazima walionyeshwa filamu ya mtoto mchanga anayeshtuka mwanasesere akichomoka ghafla kwenye kisanduku, akalia. Filamu ni ile ile. Walioambiwa ni wa kiume walielekea kusema amekasirika. Walioambiwa ni wa kike walielekea kusema ameogopa. Kijana anayeogopa na kila mtu akamwita shujaa aliyekasirika hatajua pa kupeleka hofu yake.

Msifieni kijana kwa uvumilivu wa kumlea mdogo wake kama mnavyomsifia kwa samaki. Shangazi mtu naye mwonyesheni ule mshono umekaaje.

Shela Juu

Nimefuata uzi wote, na shaka yangu ya kwanza imepungua. Nina moja tu. Wapo watakaosema mnawaharibu mabinti na mila, kwamba utulivu na haya ndiyo pambo la mwanamke wa Kiswahili tangu enzi.

Mwalimu wa Gredi 4

Kaka, haya na adabu nazipenda, na ningependa wavulana nao wasifiwe kwazo. Lakini wanaotuletea enzi wazisome vizuri. Wengi hututajia Mwana Kupona wa Pate na wosia aliomwandikia binti yake mwaka 1858, na husifia nasaha zake za utiifu. Mimi huwaomba wamtazame na yeye mwenyewe: mwanamke aliyekuwa mgonjwa, aliyejua vina na mizani, aliyekaa akatunga beti mia na zaidi zikadumu. Kazi hiyo haikutoka kwenye utulivu peke yake. Imetoka kwenye mazoezi ya miaka. Na Pate hiyo hiyo ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Mila yetu ina wanawake waliofanya mambo. Tumezoea kuwasimulia mabinti jinsi walivyokuwa, tukaacha walivyofanya.

Fundi Matondoni

Nimerudi kueleza kidogo. Binti yangu ana miaka 12. Nimemwita karakanani akanipimia mataruma, yaani mbavu, ya mashua niliyonayo sasa, akaandika vipimo kwenye daftari. Kimoja kilipishana na changu. Nilitaka kumrekebisha, nikapima upya, kikawa chake ndicho sahihi. Nimemwambia hivyo hivyo: "Chako ndicho sahihi, na umekipata kwa kuwa ulivuta kamba mpaka mwisho." Anataka kurudi Jumamosi.

Maalim wa Langoni

Fundi, maashallah. Nami nina habari. Tunakaribia kutoa zawadi za madrasa. Miaka yote vyeti vya mabinti tumekuwa tukiviandika "kwa adabu njema" na vya vijana "kwa kuhifadhi vizuri". Nimekaa na walimu wenzangu, tumekubaliana kila cheti kiandikwe kile mtoto alichokifanya: sura alizomaliza, kosa alilokuwa nalo akalisahihisha, aliyemsaidia mwenzake kuhifadhi. Na cheti cha adabu mwaka huu kinakwenda kwa kijana mmoja aliyekuwa akiwapanga wadogo kwenye foleni ya maji bila kutumwa. Bi Mwalimu, ukipata nafasi pita baada ya Alasiri utusaidie kuandika, maana majina ni mengi na tunataka kila mtoto apate sentensi yake.

Mwalimu wa Gredi 4

Inshallah nitakuja kesho, na nitamleta mwenzangu wa Gredi ya 5. Tuwekee tayari orodha ya sura kwa kila mtoto, na kama kuna mtoto ambaye hamjaona la kumwandikia, msimwandikie la jumla. Mwacheni mpaka tumsikilize akisoma.